Jinsi ya Kufanya Maoteo ya Oksijeni na Vifaa Tiba Hospitalini Wakati wa Janga

Janga linapoingia nchini, swali la kwanza ambalo uongozi wa hospitali humwuliza mfamasia, fundi wa vifaa tiba au mtunza stoo ni "tunahitaji ngapi?", na kwa sura hiyo swali halijibiki. Linalojibika ni hili: ifikapo tarehe fulani tutakuwa na wagonjwa wangapi wodini na wa aina gani, kila mmoja atatumia nini kwa siku, na mzigo tukiuagiza leo utafika lini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, kwa mfano wa UVIKO-19, kwa kuwa ndilo janga la karibuni ambalo takwimu zake zinajulikana. Njia yenyewe inafaa kwa ugonjwa wowote mkali wa njia ya hewa, mradi viwango vibadilishwe. Haihitaji programu maalumu. Daftari, kikokotoo na mtu mmoja anayewajibika kila asubuhi vinatosha kuanzia.

Tanguliza muda wa mzigo kufika

Wengi huanza kwa kukisia kilele cha wimbi. Mimi nashauri kuanza na orodha ya vifaa na kuandika mbele ya kila kimoja muda unaopita tangu kuagiza hadi kukitumia wodini. Mitungi ya oksijeni inayojazwa kwenye kiwanda kilicho mkoa wa jirani hurudi baada ya siku moja hadi tatu. Glavu, gauni na barakoa zinazopitia Bohari ya Dawa, wakala wa serikali wa usambazaji, huchukua wiki kadhaa katika hali ya kawaida, na miezi pale dunia nzima inapogombea bidhaa zilezile kama ilivyokuwa mwaka 2020. Mtambo wa kuzalisha oksijeni, ukihesabu zabuni, jengo, njia ya umeme na mafunzo ya mafundi, ni suala la miezi mingi. Nchini Tanzania, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa mwaka 2021 kukabiliana na UVIKO-19 ilielekezwa kwenye mitambo ya oksijeni na majengo ya wagonjwa mahututi, na aliyefuatilia miradi ile anajua kwamba wimbi la ugonjwa halisubiri zege likauke.

Muda huo ndio unaoamua utazame mbele kwa umbali gani. Kwa mitungi, maoteo ya wiki moja hadi mbili yanatosha na yanaweza kuwa sahihi sana. Kwa gauni na barakoa utalazimika kutazama miezi miwili au mitatu mbele, ambako hakuna mtu anayeona vizuri, kwa hiyo utafanya kazi kwa makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Kwa mtambo hufanyi maoteo ya wimbi hili hata kidogo. Unapanga mahitaji ya hospitali kwa miaka kumi ijayo, pamoja na watoto wachanga na vyumba vya upasuaji.

Mfano wa jimbo la New York unaeleza jambo hili vizuri. Machi 2020 Gavana Andrew Cuomo alitangaza kwamba jimbo lake lilihitaji mashine 30,000 za kusaidia kupumua. Katikati ya Aprili idadi ya wagonjwa waliolazwa ilifika kilele cha karibu 19,000, wengi wao wasiohitaji mashine, na jimbo likaanza kuyapelekea mashine majimbo ya Michigan, Maryland na New Jersey. Waliobeza baadaye walisahau kwamba uamuzi ulilazimika kufanywa kabla ya kilele kuonekana, na kwamba kukosea kwa upande wa upungufu kungelipwa kwa maisha ya watu. Pale ambapo mzigo unachelewa na upungufu unaua, kuagiza kwa makadirio ya juu ni busara. Kwa kifaa kinachofika baada ya siku mbili, busara hiyohiyo ni ubadhirifu.

Hesabu wagonjwa kabla ya vifaa

Kabla hujapata mgonjwa hata mmoja, huna budi kuazima viwango vya wengine. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa jedwali la kukadiria vifaa muhimu, ambalo msingi wake ulikuwa mgawanyo huu wa wagonjwa: asilimia 40 wana dalili nyepesi, asilimia 40 za wastani, asilimia 15 ni wagonjwa wakali wanaohitaji oksijeni, na asilimia 5 ni mahututi. Viwango hivi viliegemea takwimu za mwanzo za China na vilihusu watu waliothibitishwa kwa kipimo, wala havikuhusu kila aliyeambukizwa. Anayechukua idadi ya watu wa mkoa, akakisia sehemu itakayoambukizwa na kuzidisha kwa asilimia 20, hupata idadi ya vitanda inayotisha na isiyo na maana, hasa katika nchi kama zetu ambako takriban nusu ya watu hawajafika umri wa miaka 20 huku ugonjwa wenyewe ukielemea wazee. Tumia viwango hivyo kujua ukubwa wa jambo tu, yaani kama mnazungumzia makumi au mamia ya wagonjwa, kisha uviache mara tu takwimu zenu zitakapoanza kuingia.

Takwimu zenu ni hizi: waliolazwa katika saa 24 zilizopita, waliotoka (kwa kuruhusiwa, kufariki au kuhamishwa), walio kwenye oksijeni asubuhi hii, na walio kwenye mashine. Muuguzi wa zamu ya usiku aziandike kabla ya kukabidhi, kwenye karatasi moja, kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukikosa Jumapili mbili mfululizo, mstari wote wa mwenendo unapinda.

Tuseme hospitali imelaza wagonjwa 14 katika wiki ya kwanza, 20 katika ya pili na 28 katika ya tatu. Kila wiki ni takriban mara 1.4 ya iliyopita, maana yake idadi inajirudufu kila baada ya wiki mbili. Mwendo ukibaki hivyo, wiki ya nne italeta wagonjwa 40 hivi na ya tano 56. Tuseme pia kwamba rejesta inaonyesha robo tatu ya wanaolazwa huhitaji oksijeni, na kwamba kila mmoja hukaa nayo wastani wa siku 7. Idadi ya walio kwenye oksijeni siku yoyote ni sawa na wanaoihitaji walioingia ndani ya muda huo wa kukaa, hivyo mwishoni mwa wiki ya tano mtakuwa na 56 mara 0.75, yaani wagonjwa 42.

Hiyo ndiyo njia ya kati. Kwa njia ya chini, chukulia kwamba ongezeko linakoma leo na kila wiki inabaki na wagonjwa 28: walio kwenye oksijeni watakuwa 21. Kwa njia ya juu, chukulia kasi ya mara 1.6: wiki ya tano italeta 72, na walio kwenye oksijeni watakuwa 54. Andika namba zote tatu kwenye ripoti. Mkuu akidai moja tu, mpe ya kati, lakini zile mbili zibaki kwenye karatasi hiyohiyo aziandikie sahihi.

Sasa badilisha jambo moja tu katika mfano huo: wastani wa kukaa kwenye oksijeni uwe siku 10 badala ya 7. Itabidi uongeze walioingia katika siku tatu za mwisho za wiki ya nne, ambao ni kama 17, na walio kwenye oksijeni watafika 55. Siku tatu za kukaa zimeongeza mzigo sawasawa na kasi kubwa ya maambukizi, na hapa ndipo maoteo mengi huharibika, kwa sababu kila mtu hutazama idadi ya wagonjwa wapya na hakuna anayetazama wanaokaa.

Katika kupima muda wa kukaa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kutumia siku za mgonjwa wa katikati ya orodha badala ya wastani halisi. Ikiwa wagonjwa tisa wamekaa siku 6 kila mmoja na wa kumi amekaa siku 36, aliye katikati ya orodha alikaa siku 6, lakini wastani ni siku 9, na kitanda pamoja na oksijeni hufuata wastani. Wa pili ni wa siri zaidi. Wimbi linapopanda, waliokwisha kutoka ni wale waliopona au kufariki mapema, na wanaokaa muda mrefu bado wamo wodini, hivyo hesabu ya waliotoka peke yao hukuonyesha muda mfupi kuliko ulivyo. Wahesabu pia waliopo, kwa siku walizokwisha kukaa, na utajua kwamba hata hiyo ni hesabu ya chini.

Ishara za nje ya hospitali zina faida yake. Mei 2021 Delta, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ilipogunduliwa Kisumu, hospitali za kaunti jirani zilikuwa zimepewa onyo la wiki kadhaa. Kufikia katikati ya Juni serikali ya Kenya ilikuwa imeweka masharti maalumu kwa kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi. Mhusika wa maoteo anapaswa kuwa na namba ya simu ya mwenzake katika hospitali mbili au tatu zilizo kwenye barabara kuu inayoingia mkoani kwake, na awapigie kila wiki.

Kutoka wagonjwa hadi lita na mitungi

Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kukadiria lita 10 za oksijeni kwa dakika kwa mgonjwa mkali na lita 30 kwa mahututi. Kwa wagonjwa wetu 42, tuseme wanne ni mahututi: wao wanahitaji lita 120 kwa dakika, na wale 38 lita 380, jumla lita 500 kwa dakika. Kwa siku nzima ni lita 720,000. Mtungi mkubwa unaobeba lita 6,800 za gesi humalizwa na mgonjwa mmoja wa lita 10 ndani ya saa 11 na ushee, kwa hiyo hospitali hiyo ingehitaji takriban mitungi 106 kwa siku. Ukimpelekea Mganga Mfawidhi namba hiyo bila maelezo, atadhani umekosea nukta.

Ndiyo maana lazima upime wodini kwenu. Pita na karatasi kitanda kwa kitanda, asubuhi na usiku kwa siku tatu, uandike flomita (kipimo cha mtiririko wa oksijeni) ya kila mgonjwa inasoma ngapi. Katika flomita zenye mpira mdogo unaoelea ndani, kiwango husomwa kwenye kitovu cha mpira, si juu yake wala chini yake, na macho yawe usawa wa mpira. Andika pia kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mgonjwa. Utakuta aliye kwenye lita 10 huku kidole kinasoma asilimia 99, utakuta barakoa imelala juu ya mto inapuliza kwa kasi wakati mwenyewe ameenda msalani, na utakuta mwingine anayehitaji zaidi ya anachopewa. Mtu mzima asiye mjamzito ambaye hali yake imetulia anatosheka na asilimia 90 au zaidi kidogo. Mjamzito anahitaji kati ya 92 na 95. Kupunguza kwa anayezidishiwa ni kazi ya daktari na muuguzi, lakini karatasi yako ndiyo inayowaonyesha.

Ikiwa vipimo vyenu vinaonyesha kwamba wagonjwa wakali wanatumia wastani wa lita 6 badala ya 10, jumla inashuka hadi lita 348 kwa dakika, sawa na mitungi 74 kwa siku. Tofauti ni mitungi 32 kila siku, na imepatikana kwa kutembea na kalamu. Kisha ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya uvujaji na gesi inayobaki kwenye mtungi unapobadilishwa, ufike 81. Halafu ongeza matumizi ya kawaida ya wodi ya watoto, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi. Janga haliondoi nimonia ya watoto, na hospitali iliyopanga oksijeni ya UVIKO-19 peke yake iliichukua kutoka kwa mtoto mchanga bila kukusudia.

Mitungi ya kumiliki ni hesabu nyingine. Ikiwa gari huenda na kurudi kwa siku mbili, na mnataka akiba ya tahadhari ya siku moja, mnahitaji mitungi 81 mara 3, yaani 243, mbali na ile iliyofungwa vitandani. Hospitali nyingi zilikuwa na fedha za kujaza gesi lakini hazikuwa na mitungi ya kutosha kwenye mzunguko, na hilo halionekani mpaka utenganishe mitungi iliyojaa, mitupu, iliyo njiani na iliyo kitandani.

Konsentreta, yaani mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, hupunguza mzigo huo kwa wagonjwa wa lita chache. Yenye uwezo wa lita 10 inaweza kugawiwa wagonjwa wawili wa lita 5. Kabla ya kuihesabu, pima usafi wa gesi inayotoa: ikiwa iko chini ya asilimia 82, iondoe kwenye hesabu hadi fundi aitengeneze, hata kama inanguruma na taa inawaka. Hesabu na umeme wake, kwa sababu mashine 20 za wati 600 ni kilowati 12, na jenereta ya hospitali huenda haikupangiwa mzigo huo.

Kifaa kisicho na wenzake hakihesabiki

Utafiti uliofanywa Kenya mwaka 2020 kuhusu uwezo wa hospitali ulikuta vitanda 537 vya wagonjwa mahututi (ICU) na mashine 256 za kusaidia kupumua nchi nzima. Hata kila mashine ingepewa kitanda chake, zaidi ya nusu ya vitanda hivyo vingebaki bila mashine. Na mashine yenyewe si mwisho wa mnyororo: nyingi zinataka oksijeni yenye mgandamizo wa takriban bar 4, ambao konsentreta ya kawaida haiwezi kuutoa, zinataka umeme usiopanda na kushuka, mirija na vichujio vya kubadilisha, dawa za usingizi, na muuguzi aliyefundishwa asiyehudumia zaidi ya wagonjwa wawili kwa wakati mmoja.

Chora jedwali lenye safu kwa kila kiungo hicho, uandike mnavyo vya kuhudumia wagonjwa wangapi. Mkiwa na mashine 10, oksijeni ya bomba kwa vitanda 8, mirija ya wagonjwa 15 na wauguzi watatu kwa zamu, uwezo wenu ni wagonjwa 6. Kuagiza mashine ya 11 hakuongezi mtu hata mmoja. Mafunzo ya muuguzi wa nne yanaongeza wawili.

Gauni, glavu na barakoa

Hapa kosa la kawaida ni kuzidisha kwa idadi ya wagonjwa. Gauni na barakoa za N95 (zile zinazochuja hewa) hufuata idadi ya watumishi wanaoingia eneo la wagonjwa na mara wanazobadilisha. Wauguzi 7 kwa zamu tatu ni 21. Ongeza madaktari 4, wasafishaji 6 na wa maabara na mionzi 3, wanakuwa 34. Kila mmoja akitumia gauni mbili kwa siku, ni gauni 68. Kwa siku 60 za kusubiri mzigo na 30 za tahadhari, ni 6,120. Wagonjwa wakiongezeka mara mbili wauguzi hawataongezeka mara mbili, kwa sababu hawapo, hivyo namba hiyo haitarudufu. Glavu ni tofauti, kwani hubadilishwa kwa kila mgonjwa na kila tendo.

Kasi halisi ya matumizi inapatikana kwenye kadi ya stoo: salio la mwanzo, jumlisha vilivyopokewa, toa salio la mwisho, gawanya kwa siku. Lakini hesabu hiyo hudanganya pale bidhaa ilipokwisha katikati. Ikiwa jozi 900 za glavu zilitumika katika mwezi wa siku 30, na kwa siku 12 stoo haikuwa na kitu, basi 900 zilitumika kwa siku 18, na mahitaji ya mwezi ni 1,500. Asiyefanya marekebisho hayo ataagiza 900 tena na kuurithisha upungufu mwezi hadi mwezi. Hali kadhalika pale watumishi walipoambiwa watumie barakoa moja kwa wiki: kilichotoka stoo kinaonyesha mgao tu.

Rudia kila wiki

Kila Jumatatu weka maoteo ya wiki mbili zilizopita kando ya yaliyotokea. Ikiwa ulisema 42 na wakaja 50, tafuta kilichokosewa: ni waliolazwa, ni sehemu inayohitaji oksijeni, au ni muda wa kukaa. Ukikosa kwa theluthi moja mara tatu mfululizo, panua nafasi kati ya makadirio yako ya chini na ya juu kwa kiasi hicho.

Ripoti kwa uongozi isizidi ukurasa mmoja. Iwe na tarehe, makadirio matatu, viwango ulivyovitumia na mahali vilipotoka, na kwa kila kifaa kinachopungua, siku ya mwisho ambayo uamuzi ukifanyika mzigo utawahi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosababisha sahihi zipatikane; "mitungi haitoshi" husubiri kikao kijacho, ilhali "agizo lisipotoka kabla ya Alhamisi saa sita mchana tutakosa gesi Jumamosi usiku" halisubiri.

Waliolazwa wakipungua kwa wiki mbili mfululizo, rudi kwenye orodha ya muda wa mizigo. Maagizo yatakayofika baada ya wimbi kuisha yapunguzwe kabla hayajasafirishwa, N95 zenye tarehe ya karibu ya kuisha zitangulie kutolewa au zihamishiwe hospitali ambayo wimbi linaifikia sasa, na konsentreta zipelekwe kwa fundi zisafishwe vichujio na kupimwa upya kabla ya kurudishwa stoo.